Vita vya Kurudi Nyuma katika Kambi ya Bibi Ardis

Nyamazeni, enyi mnaokunywa chai yenu bila wasiwasi, na nyinyi mnaosinzia kaeni wima, kwa maana leo sisimulii habari za wafalme waliokatana vichwa kwa ajili ya visima, wala za majemedari waliovuka milima kwa majeshi yasiyohesabika; hayo yamesimuliwa mpaka yamechuja. Leo nasimulia jinsi mwanamke mmoja, mchana kweupe, mbele ya mashahidi waliokalia viti vya kukunja, alivyoiingiza nyumba yake kinyumenyume mahali pake. Atakayecheka kabla ya wakati na atoke nje.

Nipeni kiti nikae,
na kahawa niitwae,
kisa hiki niwambie,
vita vya kurudi nyuma.

Shujaa wetu aliitwa Odessa Fontenot, mzaliwa wa Louisiana, nchi ya vinamasi na pilipili, ambako watu huongea wote kwa pamoja na anayenyamaza hudhaniwa ni mgonjwa. Alikuwa muuguzi wa kuhamahama, mmoja wa wale ambao hospitali ikiishiwa watu huwaita kwa mkataba wa miezi mitatu, na mkataba ukiisha hufunga virago na kuondoka kabla hawajajua nani hamsemeshi nani. Huyu ndiye Odessa Mwona-Mishipa, ambaye angeweza kupata mshipa kwenye mkono uliokauka kama kuni. Odessa Asiyegeuza Uso mbele ya matapishi. Odessa ambaye siku moja alimwambia daktari bingwa akae chini, naye bingwa akakaa. Na nyumba yake ilikuwa trela nyeupe, ndefu, ya mtumba, inayovutwa na pikapu, yenye kitanda, jiko la gesi, na choo ambacho kwa heshima ya tarikhi hii hakitatajwa tena. Trela hiyo aliiita Eulalie, kwa jina la bibi yake mzaa mama, kwa sababu wote wawili walikuwa wapana nyuma na hawakupenda kuharakishwa.

Lakini hakuna masika yasiyokuwa na mbu. Odessa, aliyevuka majimbo mengi kuliko vidole vyake vya mikono na miguu, hakujua kurudi nyuma. Kaka yake Alcide, aliyemfundisha kuvuta trela, alimfundisha kufunga minyororo, kupima upepo wa matairi na kukata kona pana, na ilipofika zamu ya rivasi alitazama saa yake akasema, "Wewe nenda mbele tu, Odessa. Nyuma muachie Mungu."

Basi akamuachia. Tangu siku hiyo alilala katika viwanja vya kupitiliza tu, vile ambavyo mtu huingilia huku na kutokea kule, na dukani aliegesha mbali na watu wote kama mwenye ukoma. Mara moja tu, katika Oklahoma, alifuata njia iliyokwenda kuishia kwenye lango la zizi la ng'ombe, akakaa pale mpaka mwenye zizi aliporudi kutoka kanisani na kumtolea gari. Odessa alimlipa kwa sufuria nzima ya mchuzi wa kamba, na wakaagana kwamba jambo lile lisitajwe. Hakuna aliyelijua mpaka leo ninapowaambia.

Ikawa mwezi wa Oktoba, na mkataba mpya ukampeleka kwenye hospitali ndogo ya mji wa Nordby, Dakota Kaskazini. Nao ulikuwa msimu wa kuvuna viazisukari, vile vinavyotengenezewa sukari, wakati ambapo wastaafu kutoka nchi nzima hushuka na nyumba zao za magurudumu kuja kufanya kazi kwenye marundo ya viazi, wakipigwa na upepo usiku na mchana na kuyaita hayo mapumziko. Kambi zote zilikuwa zimejaa pomoni. Kiwanja kimoja tu kilibaki, katika kambi ya Bibi Ardis Kvamme, Mlinzi wa Lango, Mwenye Funguo za Bafu, mwanamke mfupi mwenye koti la sufu ambaye hakuwahi kupandisha sauti kwa kuwa hakuwahi kuhitaji. Na kiwanja chenyewe, ole wake Odessa, kilikuwa cha mwisho kabisa, kimebanwa kati ya mti mkubwa wa mpopla na nguzo fupi ya umeme, na nyuma yake kuna uzio. Hakikuwa na pa kutokea. Aliyetaka kulala hapo sharti aingie kwa makalio.

Tena kulikuwa na sheria. Nordby, kama miji mingi ya pande hizo, hupiga king'ora cha adhuhuri kila siku ili watu wajue kwamba ni adhuhuri. Na Bibi Ardis alikuwa amekwisha tangaza, kwa upole ule wake usiojadilika, kwamba msimu huu wa viazi kiwanja ambacho magurudumu yote hayajaingia ndani kabla king'ora hakijanyamaza, atakipata anayefuata. Na anayefuata alikuwa tayari langoni. Alikuwa Bwana Pell, pamoja na mkewe na kijibwa chao, ndani ya basi refu la kahawia lenye mapazia ya hariri na picha ya tai aliyekunjua mbawa ubavuni. Bibi Pell alikuja mpaka kwenye dirisha la pikapu kumwambia Odessa kwamba anamwombea. Alipokuwa akimwombea, mumewe alikuwa kiwanjani akikipima kwa hatua.

Odessa alikaa nyuma ya usukani akiogopa, na nitasema wazi ni kwa nini, ili msije mkadhani ni haya tu. Zamu yake ya kwanza ilikuwa jioni ileile. Kambi nyingine yenye nafasi ilikuwa mbali, mwendo wa saa nzima na zaidi, nayo njia ya huko ni nyoofu, haina mti wala mlima wa kumwamsha mtu. Katika mkataba uliopita alikuwa akirudi asubuhi baada ya zamu ya usiku, akafumba macho kidogo tu, na alipoyafumbua pikapu ilikuwa imesimama ndani ya shamba la mahindi, taa zinawaka, redio inaimba. Hakuumia. Lakini tangu siku hiyo aliapa kutoendesha tena umbali wa namna ile baada ya zamu, na kiapo hicho aliapa kwa jina la bibi Eulalie. Akikosa kiwanja hiki, ni ama avunje kiapo ama avunje mkataba. Aliogopa, basi. Aliogopa vile mtu anavyoogopa kitu ambacho kimekwisha kumkosa mara moja.

Sasa jueni desturi ya kambi. Mgeni anapofika na trela ndefu na kiwanja chembamba, wanaume wastaafu hutoka katika nyumba zao bila kuitwa, kila mmoja na kiti chake na kikombe chake, wakaketi. Hawaji kucheka, Mungu awaepushe. Huja kusaidia, na msaada wenyewe ni kutazama. Siku hiyo baraza lilijaa. Kiti cha mbele alikalia Duane Skogen, mstaafu wa kiwanda cha sukari, Bingwa wa Nasaha, aliyewahi kuegesha trela za kila urefu na ambaye angekueleza moja moja. Na pembeni kabisa, nyuma ya wote, alikaa Orville Tveit, mkulima mzee mrefu mwenye kofia ya masikio, mtu mwenye adabu iliyovuka mipaka ya wilaya, ambaye inasemekana aliwahi kukanyagwa mguu na farasi akamngoja farasi aondoke kwa hiari yake.

Duane alifungua vita kwa hotuba. Alieleza kwamba trela huenda kinyume cha usukani, ukikata kushoto yenyewe huenda kulia. Kwamba kwa hiyo mtu ashike usukani kwa chini, si kwa juu. Isipokuwa wengine huona afadhali juu. Jirani yake akasema yeye hutazama kioo cha kulia. Mwingine akasema hapana, cha kushoto, ingawa hakutaka kumpinga mtu. Wote wakakubaliana kwamba upepo si mbaya sana leo, na kofia ya mmoja wao ikaruka ikaenda zake.

Odessa akavuta pumzi, akaingiza gia ya nyuma. Eulalie akatikisika, akalia bip, bip, bip, akaanza kurudi. Odessa akakata usukani kushoto. Matako ya Eulalie yakaenda kulia. Akakata kulia, yakaenda kulia zaidi, kwa jinsi ambayo sayansi haijaeleza. Duane alisimama nyuma akipunga mikono, lakini alisimama mahali ambapo vioo vyote viwili havimwonyeshi, kwa hiyo ishara zake nzuri zilionwa na uzio peke yake. Katika kioo Odessa aliona tu safu ya wazee waliotulia na vikombe vyao, nyuso zao shwari, hata akajipa moyo kwamba mambo yanakwenda vizuri. Akakanyaga mafuta kidogo.

Hapo ndipo alipoanguka shahidi wa kwanza wa vita hivyo. Karibu na bomba la maji alikuwako bata bukini wa saruji, wa Bibi Ardis, ambaye kila mwezi huvishwa nguo za majira, na kwa kuwa ni Oktoba alikuwa amevaa gauni la rangi ya boga na kofia yenye kikonyo. Kona ya Eulalie ilimgusa kifuani. Akayumba, akainama kana kwamba anasalimia, akaanguka, na kichwa kikabingirika mpaka miguuni pa baraza na kofia yake kichwani.

Hakuna aliyepiga ukunga. Duane alikohoa. Bibi Ardis alitoka ofisini, akakiokota kichwa, akakifuta vumbi. "Si kitu," alisema. "Shingo yake ilikuwa na ufa." Akakiweka ndani ya koti lake na kukipapasa, na kila mtu akajua kwamba jambo hili halitasahaulika mpaka kiama.

Odessa akashuka. Aliuliza nani alikuwa upande ule wa bomba la maji. Wote wakamtazama Orville.

"Ulimwona bata, mzee wangu?"

"Nilimwona," alisema Orville.

"Ukaona trela inamwendea?"

"Ee. Kwa muda kidogo."

"Sasa kwa nini hukusema?"

"Nilidhani umemwona. Na kama hukumwona, nikasema labda una sababu zako. Sikutaka kukuingilia."

Jamani. Hapo Odessa alielewa mambo ambayo barabara zote alizopita hazikumfundisha. Alielewa kwamba zile nyuso shwari kwenye kioo hazikuwa na maana kwamba mambo ni mazuri. Hawa watu wangekaa vilevile shwari na vikombe vyao hata kama trela ingekuwa inaelekea kwenye shimo. Kwao Louisiana mtu angepiga kelele kabla bata hajatikisika, na nusu ya mtaa ingekimbia na sufuria. Hapa, kumwambia mgeni kwamba anakosea ni kumvua nguo. Alipomaliza jaribio lile la kwanza, Duane alikuwa amesema tu, "Naam, unaweza kufanya hivyo pia," na sasa ndipo akatambua kwamba kwa lugha ya watu wale hiyo ni hukumu ya kunyongwa.

"Usimlaumu Orville," alisema Duane kwa kumtetea rafiki yake. "Ndivyo alivyo. Huyu, msimu wa baridi uliopita, moyo ulimkamata usiku, na kitengo chetu cha dharura kilikuwa kimefungwa kwa kukosa muuguzi. Akajiendesha mwenyewe mpaka hospitali ya mji wa Fargo. Hakutaka kuwaamsha watu wa gari la wagonjwa."

Odessa akageuka polepole. "Ulijiendesha mwenyewe na moyo umekukamata?"

"Theluji walikuwa wameshaiondoa barabarani," alisema Orville.

Basi hasira ikampanda binti Fontenot, hasira safi ya kazini, ile ambayo huondoa hofu yote na kunyoosha mgongo. Langoni Bwana Pell alikuwa amewasha injini ya basi lake ili ipate joto. Jua lilikuwa karibu kufika utosini. Odessa akapanda juu ya ngazi ya Eulalie, akalitazama baraza la viti, akatoa hotuba ambayo Nordby haikupata kusikia mfano wake, kwa kuwa ilikuwa na sauti.

"Wazee wangu, nisikilizeni. Mimi nimekaa na watu mahututi tangu nikiwa msichana. Waliokufa kwa kelele ni wachache. Wengi nimewaona wakifa kwa adabu. Kifua kinambana mtu, anasema nisiwasumbue, asubuhi itafika. Mke anamwona mume amebadilika rangi, anasema asije akaudhika bure. Sasa kwetu, mgonjwa akiletwa moyo umegoma, kiongozi ni mmoja. Kila mtu ana kazi moja. Nikikuambia jambo, unalirudia, ili nijue umesikia. Na anayeona hatari anaisema hapo hapo, awe mfagiaji awe profesa, na haombi radhi. Leo mgonjwa wangu ni huyu Eulalie. Asiye na kazi na atoke kiwanjani na kiti chake."

Hakutoka mtu. Nadhani hakuna aliyewahi kuwaambia wanahitajika tangu walipostaafu.

Akawagawia kazi. Duane alipewa tawi la mpopla lililoning'inia, alishike juu, na wakati wote asitoe ushauri wowote. Duane akafungua kinywa. Odessa akangoja. "Nashika tawi," alisema Duane hatimaye, kwa unyonge, "na sitoi ushauri." Bibi Ardis aliwekwa mbele kulinda kibao cha kambi kisiguswe na pua ya pikapu, na yeye akarudia amri yake kwa ukamilifu, akiwa bado na kichwa cha bata ndani ya koti. Wengine wakapewa kulia na kushoto. Kisha Odessa akamwendea Orville.

"Wewe utakaa kwenye nguzo ya umeme. Wewe ndiye jicho langu."

Orville akasema labda mtu mwingine angefaa zaidi. Kuna Duane, kwa mfano, ambaye ana sauti.

"Duane ana sauti. Wewe ndiye uliyemwona bata," alisema Odessa. "Nikikaribia nguzo, utasema neno moja tu. Simama. Haya, lijaribu."

Orville akalamba midomo. "Simama," alisema, "kama si usumbufu."

"Ondoa usumbufu."

"Simama kidogo."

"Baba, hata mimi niliye hapa mbele yako sikukusikia. Kule mbele kuna injini na upepo. Tena."

Alijaribu tena, na tena, na kila mara neno lilitoka likiwa limevua viatu. Odessa akatazama saa. Akamshika mzee yule mkono, kwa vidole viwili kwenye mapigo kama alivyozoea, na bila hasira sasa akamwambia kwamba yeye anaogopa. Kwamba kule mbele haoni kitu, na asipopata kiwanja hiki kuna barabara moja ambayo hataki kuiona asubuhi. Orville akasikiliza akiwa ameinamisha kofia. Akaenda akasimama kwenye nguzo, miguu imetanuka, kama mtu aliyepewa mlango wa mji kuulinda.

Akapanda Odessa. Akaingiza gia. Bip, bip, bip, Eulalie akaanza tena kurudi, na safari hii kila upande ulikuwa na mtu na kila mtu alikuwa na neno lake. "Kulia kuna nafasi," alisema wa kulia. "Kulia kuna nafasi," alirudia Odessa kwa dirisha lililo wazi. "Tawi liko juu," alisema Duane, na mishipa ya shingo yake ilionyesha nasaha nyingi anazozimeza. Odessa akashika usukani kwa chini, akaukata taratibu, kidogo na kidogo tena, na kwa mara ya kwanza katika maisha yao makalio ya Eulalie yakaenda alikotaka mwenye nyumba. Magurudumu ya nyuma yakakanyaga changarawe ya kiwanja. Odessa akaanza kushangilia moyoni, na kama tujuavyo, hapo ndipo mtu husahau saa.

Ndipo king'ora kikalia.

Kilianza chini, kikapanda, kikaijaza mbingu ya Nordby kutoka ghala la nafaka mpaka makaburini, kikameza injini, kikameza upepo, kikameza sauti ya wa kulia na wa kushoto na bip zote za Eulalie. Vinywa vilifunguka na kufumba, hakuna kilichosikika. Langoni basi la Pell likasogea hatua moja. Odessa akajua kwamba akingoja king'ora kiishe, na kiwanja kimekwisha. Akakaza meno, akaendelea kurudi akiwa kiziwi, macho kwenye kioo ambacho kilimwonyesha mbao nyeupe za Eulalie tu. Na nyuma ya mbao hizo, asikoona yeye, kona ya trela ilikuwa ikiiendea nguzo ya umeme kwa utulivu wa mtu anayekwenda kwake.

Orville Tveit aliiona. Aliona kona, aliona nguzo, aliona nafasi kati yao ikipungua. Na wale waliokuwa karibu wanasema uso wake ulibadilika rangi, wakadhani ni moyo tena. Miaka zaidi ya sabini ya samahani ilikuwa imekaa juu ya kifua kile: samahani za kanisani, za dukani, za farasi, za usiku ule wa theluji. Akafungua kinywa, kikatoka kitu ambacho si maneno. Akafumba. Akafungua tena.

"SIMAMA!"

Enyi mnaosikiliza, king'ora kile hufanya kazi kwa umeme, nacho kilishindwa. Kunguru wote waliokuwa juu ya mpopla waliondoka kwa pamoja. Kijibwa cha Pell kiliingia chini ya kiti na hakikutoka mpaka jioni. Kwa kinyozi, upande wa pili wa barabara, mtu aliyekuwa ananyolewa alisimama, na kinyozi akasimama, na mashine ikasimama. Mguu wa Odessa ulikanyaga breki kabla akili yake haijauliza ni nani. Duane akaachia tawi.

Kati ya kona ya Eulalie na nguzo ya umeme kulikuwa na nafasi ambayo jani moja la mpopla lingepita, mawili yasingepita.

"Mbele kidogo!" alinguruma Orville, maana mlango ukishafunguka huingia na wageni. "Kata kulia! Kulia, mama, huko ni kushoto! Haya, rudi! Rudi! Usiogope, rudi!"

Odessa akaenda mbele, akakata, akarudi. Eulalie akajinyoosha kati ya mti na nguzo, akapita kama uzi kwenye tundu la sindano, na gurudumu la mwisho likaingia kiwanjani wakati king'ora kikishusha pumzi yake ya mwisho na kunyamaza. Bibi Ardis alikuja kwa hatua zake fupi, akatazama gurudumu moja baada ya jingine, akatazama langoni, kisha akatoa fatwa.

"Naam," alisema. "Yamo."

Na kwa watu wale hilo lilikuwa tarumbeta na mizinga ya kifalme. Wazee wakavua kofia, kisha wakazivaa tena haraka kwa sababu ya upepo. Bwana Pell akateremka kumpa Odessa mkono, akasema wao kwa kweli walikuwa wanapita tu, akaligeuza basi lake na tai wake akaenda kutafuta nafasi kwenye uwanja wa maonyesho. Duane alimwambia kila aliyesimama karibu kwamba isingekuwa lile tawi, mambo yangekuwa mengine. Na Odessa Fontenot alikaa kwenye ngazi ya nyumba yake, akaficha uso mikononi, akalia machozi mawili matatu ya kufaa, akajifuta, akampigia Alcide simu kumwambia kwamba Mungu amekabidhi usukani.

Basi na iandikwe kwamba siku hiyo, katika kambi ya Bibi Ardis, mji wa Nordby, nyumba ilirudi nyuma ikaingia. Kwamba jioni yake kitengo cha dharura kiliwashwa taa zake na hakikufungwa usiku. Na kwamba bata bukini alizikwa kiwiliwili chake chini ya mpopla, na kichwa kikawekwa dirishani mwa ofisi kuwa onyo kwa vizazi. Tarikhi ingeweza kuishia hapo, na wengi huishia hapo. Lakini wasimulizi hao hawakukaa mpaka kahawa.

Kwa maana Bibi Ardis alileta trei ya keki ya maboga, aliyoioka mwenyewe, iliyokatwa vipande, na baraza zima likala chini ya upepo likisifu hali ya hewa. Na ikafika saa ile ambayo kila mtu wa nchi hiyo anaijua, ambapo trei ina kipande kimoja tu. Kipande cha mwisho hakiliwi na mtu. Atakuja mmoja akate nusu, mwingine akate nusu ya nusu, hivyo hivyo mpaka jioni kimebaki chembe, na chembe hutupiwa ndege. Wazee wa kambi hawakumbuki mtu aliyekichukua kizima. Kipande kilikaa pale peke yake, na watu wakatazama upande mwingine kwa heshima.

Odessa hakuyajua hayo. Kwao kipande cha mwisho ni cha mwenye mkono mwepesi. Alinyoosha mkono juu ya trei, na wote wakamwona, na wote wakanyamaza, kila mmoja akijiambia labda ana sababu zake.

"Simama," alisema Orville.

Hakupaza sauti. Alilisema kama mtu anayetaja jina lake. Mkono wa Odessa ukasimama hewani wenyewe, kama mguu wake ulivyosimama kwenye breki, na vikombe vyote vikasimama njiani kuelekea vinywani. Orville Tveit akainuka kwenye kiti chake cha pembeni, akapita katikati ya watu, akakichukua kile kipande cha mwisho. Akakila chote, taratibu, mbele yao, na hakumwomba mtu radhi.